Ndege waliojaa Utawala baada ya mvua: wametoka wapi, na uwafuate wapi

Swali: "Habari mwalimu. Naishi Utawala, mashariki mwa Nairobi. Wiki jana mvua ilianza usiku wa manane ikanyesha hadi alfajiri. Nilipotoka saa moja asubuhi, ule uwanja wa nyasi nyuma ya ploti yetu ulikuwa umejaa mbayuwayu wakiruka chini kabisa, nusura waniguse magoti. Kwenye nyaya za stima walikuwa wamejipanga kozi wadogo ambao sijawahi kuwaona. Kufika saa sita hakukuwa na hata mmoja. Jirani yangu, mzee wa Kilifi, anasema dhoruba iliwasukuma kutoka baharini. Ni kweli? Na mvua kama ile ikirudi, niende wapi kuwatafuta? Sina gari. Nina darubini ndogo ya kuazima."

Jibu:

Mzee mpe salamu zangu, na umwambie amekosea kwa nusu tu. Kozi uliowaona, hao ndege wawindaji wadogo, huenda kweli walivuka bahari. Lakini hakuna dhoruba iliyowasukuma. Walikuja kwa hiari yao, na mvua ile ndiyo waliyokuwa wakiifuata.

Nianze na hilo la kusukumwa, kwa sababu nalisikia kila Novemba. Kuna nchi ambako ni kweli. Marekani, kimbunga kikubwa kikitoka Atlantiki, watazamaji wa ndege hukimbilia maziwa ya bara kesho yake kuwatafuta ndege wa baharini waliobebwa na upepo mamia ya kilomita. Uingereza nako tufani za majira ya vuli huwatupa ndege wa bahari kwenye mabwawa ya katikati ya nchi. Hapa kwetu hali ni tofauti. Vimbunga vya kitropiki havijengeki karibu na ikweta, maana nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo ujizungushe ni hafifu mno huku, na Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia, Tanzania, Mei 2024 kiliwashangaza watu kwa sababu hiyo hiyo, na hata hicho kiliishiwa nguvu upesi. Halafu kutoka pwani hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400, nawe umepanda hadi karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ndege wa baharini kufika Utawala ni jambo la nadra sana.

Kuna mtego mmoja hapo. Ukienda kwenye mabwawa ya Ruai utawaona buabua weupe wakipiga mbizi juu ya madimbwi, na mtu wa pwani ataapa kwamba hao ni wa baharini. Si wa baharini. Buabua wa kawaida huku bara, yaani yule mwenye mabawa meupe (Chlidonias leucopterus) na mwenzake mwenye mashavu meupe (Chlidonias hybrida), ni ndege wa maji baridi. Huyo wa kwanza huzaliana kwenye mabwawa ya Ulaya mashariki na Asia, na akifika Afrika hukaa kwenye maziwa na madimbwi ya ndani. Ziwa Naivasha wamejaa, dhoruba iwepo isiwepo.

Sasa ulichokiona. Kati ya Oktoba na Desemba ule ukanda wa mawingu ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana huwa unateremka kutoka kaskazini kwenda kusini, na unapotupita ndipo tunapopata mvua za vuli. Ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hushuka pamoja nao. Kunapokuwa na mvua kuna majani mabichi, na kwenye majani mabichi kuna wadudu. Kwa hiyo wakati wetu wa mvua na wakati wao wa kupita hukutana, na si kwa bahati.

Ila asubuhi ya mvua kubwa utakuta makundi mawili yaliyofika kwa sababu mbili tofauti, na ukiyachanganya utakwenda mahali pasipo penyewe saa isiyo yenyewe. Wapo walioshushwa na mvua, na wapo walioifuata.

Walioshushwa ni wale wadogo wasafirio usiku. Ndege mwenye gramu 10 au 12 hupaa jua likizama na kuruka hadi karibu na mapambazuko. Akiwa na anga safi na upepo nyuma yake, hana haja na Nairobi, anapita juu huku umelala. Mvua nzito ikimkuta huko juu, manyoya yanalowa, nyota hazionekani, na mawingu yanamlazimisha ashuke. Anatua popote penye kichaka, kama abiria aliyeshushwa na matatu kabla ya steji: hakupachagua, lakini ndipo alipo, na ana njaa.

Ukitaka ushahidi wa jambo hili, uko Ngulia, kule Tsavo Magharibi. Hoteli ya pale imejengwa ukingoni mwa mteremko, na ilipofunguliwa mwaka 1969 watu waligundua kwamba usiku wa ukungu bila mwezi, hasa Novemba na Desemba, ndege wa safari huvutwa na taa zake kwa maelfu. Tangu mwaka huo watafiti huenda pale kila msimu kuwanasa kwa nyavu laini, kuwavisha pete na kuwaachia. Idadi ya waliovishwa imefika mamia ya maelfu, na pete zao zimeonekana Ulaya, Mashariki ya Kati na kusini mwa Afrika. Wengi wao ni shoro wa matete wa Ulaya (Acrocephalus palustris), kindege cha rangi ya udongo ambacho ukikiona kichakani hukigeuzii shingo, na kinegwa wa kaskazini (Luscinia luscinia). Mwezi ukiwa mpevu na anga wazi, nyavu hukaa tupu. Ndege ni wale wale, wanapita juu, ila hakuna kinachowashusha. Kwa hiyo usiku wa mwezi mchanga, ukungu na mvua ya manyunyu ndio wa kuwekea kengele ya simu.

Waliofuata mvua ni hao uliowaona wewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Kozi wako, kwa maelezo uliyonipa, ni kozi wa Amur (Falco amurensis). Dume ni wa rangi ya moshi mzito, chini ya mkia ana wekundu wa kutu, na akiruka utaona upande wa ndani wa bawa ni mweupe mbele na mweusi nyuma. Jike ni mweupe kifuani mwenye madoa na michirizi myeusi. Wote wawili wana miguu ya rangi ya chungwa. Akikaa kwenye waya, tazama miguu kwanza. Huzaliana mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Oktoba hukusanyika kaskazini mashariki mwa India, kisha hukata Bara Hindi na kuvuka Bahari ya Arabu bila kutua hadi Pembe ya Afrika, halafu wanateremka kupitia kwetu kuelekea kusini mwa Afrika. Mwaka 2012 habari zilienea duniani kwamba wananaswa na kuuawa kwa maelfu katika jimbo la Nagaland. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe wakaacha, na watafiti wakawafunga kozi watatu vifaa vya setilaiti, ndipo safari hiyo ya bahari ikafuatiliwa siku kwa siku.

Mwulize mzee wa Kilifi kuhusu kaskazi, atakueleza kuliko mimi. Ni upepo ule ule ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kozi hawa huvuka nao. Watafiti wanaona pia kwamba wakiwa juu ya bahari hula kereng'ende wanaohama kwa upepo huo huo, wale wa manjano (Pantala flavescens) ambao bila shaka umewaona wakielea juu ya uwanja baada ya mvua bila kutua. Ukiona kereng'ende wengi hivyo Novemba, inua macho juu zaidi.

Wakishafika bara chakula ni kumbikumbi. Mvua ya kwanza kubwa ikilainisha udongo, mchwa wafanyakazi hufungua matundu kwenye kichuguu, na wenye mabawa hutoka kwa maelfu kwenda kuanzisha makao mapya, maana udongo mkavu hawawezi kuuchimba. Kila aina ina saa yake: wengine hutoka jua likichomoza baada ya mvua, wengine alasiri, wengine magharibi, na wengine usiku, ndio wale wanaojaa chini ya taa za barabarani na watoto huwaokota kwa bakuli. Kumbikumbi ni mafuta matupu, na ndege wa safari anaishi kwa mafuta. Ndiyo sababu asubuhi moja yenye kumbikumbi hukusanya ndege ambao siku nyingine wangekuwa wametawanyika nchi nzima.

Kwa hiyo usitafute ndege. Tafuta kichuguu kinachotoa. Simama mbali kama hatua 50, utaona ngazi nzima. Juu kabisa ni teleka, hawatui kamwe kwenye waya wala tawi. Chini yao ni mbayuwayu wa Ulaya, koo lenye wekundu mzito na mkanda mweusi kifuani, tena wengi wa Novemba hawana ile mikia mirefu kwa sababu wanabadilisha manyoya. Kozi wanakamata hewani kwa mguu na kula wakiruka: utamwona amekunja shingo kuutazama mguu wake mwenyewe, kisha vibawa vinne vya kumbikumbi vinaanguka taratibu. Na chini, juu ya udongo wenyewe, anatembea tai.

Ndiyo, tai. Watu hushangaa. Tai wa nyika za Urusi na Kazakhstan (Aquila nipalensis), mwenye mabawa yanayokaribia mita mbili akiyafungua, hutua karibu na tundu na kudonoa kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku. Ukimpata hivyo usikimbilie simu, mtazame mdomo. Ule ukingo wa manjano wa mdomo wake unarudi nyuma hadi unapofikia mwisho wa jicho. Tai msasi wetu wa kawaida (Aquila rapax), ambaye anafanana naye sana na ambaye pia hapendi kuachwa kwenye karamu, ukingo wake unaishia chini ya katikati ya jicho. Kwa darubini yako ndogo, mradi jua liwe nyuma yako, hilo linaonekana vizuri tu. Na lina maana, kwa kuwa tai huyo wa nyika ameorodheshwa kimataifa kama aliye hatarini kutoweka tangu mwaka 2015.

Uliuliza pia, bila kuuliza, kwa nini mbayuwayu walikuwa wakiruka chini. Asubuhi yenye baridi na unyevu wadudu hawapandi, hubaki kwenye nyasi, na mbayuwayu huwafuata huko. Jua likipasha ardhi, hewa moto inapanda na wadudu nao. Kozi na tai hungoja saa hiyo hiyo. Hawapendi kupiga mabawa bure, hungoja hewa iwainue. Basi saa tatu na nusu, saa nne, wanaacha nyaya mmoja mmoja, wanazunguka juu hadi wanakuwa vidoti, kisha wote wanateleza kusini. Kufika saa sita umebaki na kunguru. Hukuwapoteza, walikuwa wamemaliza kula.

Kutokana na hayo unaweza kupanga asubuhi yako. Kwanza jua mvua ilinyesha saa ngapi. Iliyonyesha jioni ikakatika saa nne usiku haishushi wengi, kwani anga likifunguka wasafiri wa usiku wanaendelea na safari. Iliyoanza baada ya saa sita usiku ikafika alfajiri, kama ile yako, ndiyo bora. Ikiwa bado inanyesha saa kumi na mbili asubuhi, lala kidogo, kunywa chai. Ndege aliyelowa hujificha na wewe utalowa bure. Lakini ikikatika tu, toka mara moja, hata kama ni saa mbili na ulitaka kuoga. Nusu saa ya kwanza baada ya mvua kukatika, ndege wote wanakula kwa wakati mmoja, na hiyo nusu saa hairudi. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa utakuambia kama mvua inatarajiwa. Saa ya kuanza na kukatika utaijua kwa sikio, kwa kulala chini ya mabati.

Na mahali? Kwa mtu wa Utawala asiye na gari, jibu langu la kwanza ni hapo hapo nyuma ya ploti yenu. Nasema kweli. Nyika ile ya mashariki mwa jiji, kabla haijajengwa yote (na kila mwaka naona mabati mapya yamezungushwa), ni sehemu ya nyanda za Athi, na ndege wa nyika hawana habari na hati za ardhi. Tembea pole pole ukifuata ua. Juu ya mawe na vifusi tafuta ndege mdogo wa kijivu anayesimama wima, ambaye akiruka mgongo wa chini na ubavu wa mkia unamulika weupe. Huyo ni wa jamii ya Oenanthe, na kati yao yuko mmoja ambaye huzaliana hadi Alaska na bado huja Afrika kila mwaka. Juu ya miiba na nyaya za ua ni mbwigu wa Ulaya na Asia, kichwa cha kijivu na mgongo wa kahawia nyekundu kwa dume, barakoa nyeusi machoni. Kwenye uwanja wa mpira uliojaa maji watakuwepo vindege vya manjano vinavyotikisa mkia bila kupumzika (Motacilla flava), hasa palipo na ng'ombe. Na ukisikia sauti laini ya "prruu, prruu" ikishuka kutoka juu na huoni kitu, ni keremkeremu wa Ulaya (Merops apiaster) wanapita. Sauti hiyo Nairobi husikika hata juu ya barabara ya Tom Mboya, ila nani anainua kichwa pale.

Pa pili ni Ruai. Panda matatu ya Eastern Bypass. Mabwawa ya kusafishia maji taka yanayoitwa ya Dandora, ambayo kwa kweli yako Ruai, ni mahali maarufu kwa ndege wa majini kuliko mahali pengine jijini, harufu isikutishe. Ni mali ya kampuni ya maji ya jiji, kwa hiyo ruhusa iombwe mapema. Usifike langoni na darubini shingoni ukitegemea ucheshi wako. Humo hupatikana bata wa kaskazini, pamoja na yule mwenye mdomo wa koleo (Spatula clypeata), na ndege wa tope wa kila urefu wa mguu.

Lakini sikiliza hili, kwa kuwa wengi hawaliwazi. Baada ya mvua kubwa sana mabwawa yale si mahali pazuri pa kuanzia. Ndege wa tope hula ukingoni, maji yanapokuwa ya kina cha kidole. Mabwawa yakijaa, ukingo unazama, nao wanahamia kwenye vidimbwi vipya vya nyasi, mitaro iliyofurika, na mashimo ya kokoto kando ya barabara. Huko ndiko utakapomkuta kitwitwi wa msitu (Tringa glareola), mwenye madoa meupe mgongoni na mazoea ya kuchezesha kiuno, na yule mkubwa zaidi, mwenye shingo ndefu na kichwa kidogo, anayeitwa Calidris pugnax, ambaye dume wake huko kaskazini huota ukosi wa manyoya kama sultani lakini kwetu huja amevaa mavazi ya kazi. Kidimbwi kilichozaliwa jana kikiwa na maji ya mvua safi huwa na wadudu wachache. Rudi siku ya nne, ya tano, maji yakianza kupungua na tope likionekana. Hapo kitakulipa.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ingekuwa pa kwanza kama ungekuwa na gari, kwani ndani huruhusiwi kutembea kwa miguu isipokuwa sehemu zilizotengwa. Tafuta wenzako watatu mchange. Lipeni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, usiku uliotangulia ili msipoteze saa ya asubuhi langoni, na mvua ikiwa imekuwa kubwa kaeni barabara kuu, maana ule udongo mweusi wa nyika ukishika tairi utaangalia ndege mmoja siku nzima. Huko, kwenye nyasi fupi, mtafute korongo. Korongo mweupe wa Ulaya (Ciconia ciconia) ni mkubwa, mdomo na miguu myekundu. Korongo wa Abdim (Ciconia abdimii) ni mdogo, mweusi mgongoni, tumbo jeupe, uso wa buluu. Huyu wa pili hatoki Ulaya. Anazaliana ukanda wa Saheli mvua za huko zikinyesha, kisha anakuja kutafuta zetu. Anaishi maisha yake yote akitoka mvua hii kwenda ile. Wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni walioko kwenye migunga ya Mombasa Road, hao ni wenyeji. Tafadhali usiniandikie kuhusu hao.

Misitu nitaipitia haraka. Karura na Arboretamu ni nzuri kwa wale walioshushwa usiku: vindege vya kijani-manjano vya jamii ya Phylloscopus, shamoro wa bustani, na dume mwenye kofia nyeusi (Sylvia atricapilla) anayependa matunda na hukaa nyanda zetu za juu msimu mzima. Usiingie katikati ya msitu kwenye giza. Tembea ukingo unaopigwa na jua la kwanza, kwa sababu ndiko wadudu wanakoamka mapema. Arboretamu inapakana na Ikulu, kwa hiyo darubini yako ielekee juu ya miti na si juu ya ukuta.

Kumbuka msimu wa pili. Machi mwishoni hadi Mei mapema wanarudi, na mvua za masika huwa nzito kuliko hizi. Tofauti ni kwamba sasa wamevaa vizuri. Yule wa manjano anayetikisa mkia, ambaye Novemba hukuweza kumtofautisha na mwenzake, Aprili anakuja na kichwa cheusi, au cha kijivu, au cha manjano kabisa, kulingana na nchi anayorudi. Kozi wa Amur nao hupita tena. Ukipata usiku wa mvua katikati ya Aprili, nenda kazini kwa kuchelewa.

Vifaa usivinunue bado. Darubini ya kuazima inatosha kwa kuanzia, na siku ukinunua, 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) haina majuto. Gambuti ni muhimu kuliko lenzi. Na ukitaka macho ya watu wanaojua, kuna matembezi ya Jumatano asubuhi ya chama cha Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa tangu miaka ya 1970, na wageni wanapokelewa. Ulichokiona usikiache kwenye simu yako tu. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi yote katika viraba vya takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha ya asubuhi moja ya Utawala iliyoandikwa tarehe na saa ina kazi yake humo. Andika pia mvua ilinyesha lini na ikakatika lini. Wengi husahau, na bila hilo huwezi kuoanisha ndege na mvua.

Kuhusu adabu za uwanjani: ndege aliyeshushwa ana siku moja au mbili za kujaza mafuta kabla ya kuondoka, na kila mara unapomrusha ili upate picha unamlia akiba. Usimchezee sauti ya simu kumvuta. Watoto wenye manati waite waangalie kwenye darubini. Nimeona mtoto akiiweka manati mfukoni baada ya kumtazama kozi usoni mara moja.

Mwisho ni taa. Usiku wa mawingu mazito zima zile za nje usizozihitaji, hasa kama unakaa ghorofani, kwa maana zinawavuta kwenye vioo. Wako hata wasafiri wa ndani ya Afrika wanaoumia hivyo: mdiria mdogo (Ispidina picta) hugonga madirisha, na pita (Pitta angolensis), ndege wa rangi nyingi ambaye watu hulipa pesa nyingi kumtafuta msituni, hufuata taa hadi ndani ya nyumba. Ukimkuta aliyegonga, usimpe maji wala chakula. Mweke kwenye katoni yenye matundu na kitambaa chini, funika, weka mahali penye giza na kimya mbali na paka. Baada ya saa moja au mbili toa katoni nje, kando ya kichaka, ufungue na urudi nyuma. Kama ana pete mguuni, nakili kila herufi na namba kabla hajaruka, piga picha ya pete, na upeleke kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, pamoja na tarehe na mahali ulipomwokota.